Blanketi la Wodi ya Tatu

Saa mbili usiku, Dundee. Mvua inaupiga mto Tay ubavuni
nami nimekaa jikoni, kompyuta juu ya meza ya kulia,
chai imeshaota utando.
Naingia kazini kwa kubonyeza.

Wiki ya kwanza nilitua juu ya paa la hospitali
nikashindwa kushuka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni:
yangu ilikuwa ya kipanya.
Nilipenya kuta, nikamkalia mgonjwa,
nikapoteza kiatu katika bahari aliyoichora Fergus Dalgleish
kati ya kipindi na kipindi.
Fergus wa anatomia, miaka sitini na mmoja, mtu wa fimbo.
Kule kila mtu huruka. Yeye alikataa mbawa,
akajichongea fimbo nyingine.
"Nimeizoea," alisema.

Wakubwa wa chuo waliuliza:
muuguzi atafunzwa na vikatuni?
Swali zuri. Nimelibeba kwenye basi asubuhi nyingi
kama yai ndani ya kijiko.
Maana wodi yetu haina harufu.
Haina dawa ya sakafu, haina jasho, wala ule uji
unaogandia kando ya kitanda.
Presha ya mgonjwa ni namba
niliyoiandika mwenyewe jana, nikitafuna mkate.
Nitamfundishaje mtu uzito wa mwili
mahali ambapo kitanda huinuliwa kwa kidole?

Alhamisi ile somo lilikuwa habari mbaya:
namna ya kumwambia mke kwamba mumewe hakuamka.
Walikuja tisa, kutoka Arbroath, kutoka Perth,
mmoja ananyonyesha, mmoja kafungiwa na theluji;
mmoja kaja na nywele za zambarau, mmoja kaja mbweha.
(Nilisema, "Mkia uvuliwe mbele ya mfiwa."
Akauvua. Akaomba radhi.)
Fergus akawa mjane, kwa sauti yake ileile ya pipa,
na hakuna aliyecheka.

Ndipo Kirsteen Auchterlonie akainamisha kichwa.
Kule, asiyegusa kitu kwa dakika tano
hulegea hivyo: kidevu kifuani, mikono chini,
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Niliita. Nikaita tena.
Kwenye spika zikaja pumzi tu, ndefu,
za mtu aliyetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee
akashinda mchana na mtoto wa dada yake
akaja darasani bila kupita kitandani.

Mwongozo wetu unasema: asiyeshiriki, mtoe.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Mbweha ndiye aliyeanza.
Alitoa kijiboksi, kitu cha kwanza tunachowafunza kujenga,
akakibana kikawa bapa, akakivuta kikawa kipana,
akakipaka samawati,
akamwekea Kirsteen mabegani.
Mtu akapunguza taa.
Mwenye nywele za zambarau akaandika:
tuzime sauti, analala.
Tukaendelea na msiba kwa maandishi,
mjane akilia kwa herufi ndogo,
na wale wanane wakimjibu polepole,
wakifuta, wakiandika upya,
mmoja akiacha mstari mtupu
kwa sababu hakuwa na neno, akabaki pale pale.

Blanketi lenyewe lilikuwa bovu. Kona moja
ilimwingia begani ikatokezea kifuani.
Halikumpa joto mtu yeyote Dundee nzima.

Jumatatu Fergus akafanya usafi:
viti vinavyoelea, dripu tatu zisizo na mwenyewe,
kiatu changu, kumbe kilikuwa mwambani siku zote.
Akafika kwenye kile kitambaa cha samawati.
"Hili nalo?"
Nikamwambia aliache kitini.

Limekunjwa vibaya, lakini.
Kona za kitanda nitawafundisha Jumanne,
chumba namba nne, shuka la pamba,
godoro zito.
Waje na mikono yao.